Kipimo Siku ya Tatu, P2 Wiki ya Tatu

Hotuba ya mkunga mstaafu kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Salamu ndefu zimepunguzwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, sheikh wetu, mchungaji wetu, wazazi wenzangu: shikamooni mnaostahili shikamoo. Wanangu, hamjambo.

Barua ya mwaliko ilisema nije kuzungumzia maadili. Mkuu wa Shule, barua niliisoma, ila maadili yana wasemaji wanaonizidi, na wawili wamekaa hapo mbele. Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki ya mama na mtoto hadi nilipostaafu, na sasa nakaa kwenye duka la dawa la mdogo wangu, karibu na stendi. Nitazungumza yale ninayoulizwa pale dirishani jioni jioni, saa ambayo wateja wangu wengi huja wamejitanda mtandio mpaka puani, wakinong'ona kama watu wanaonunua gongo.

Kuna jambo nimeliona pale dukani na ndilo lililonifanya nikubali kuja. Binti anakuja siku ya pili au ya tatu baada ya kukutana na mvulana. Anataka kipimo cha mimba. Siku ya tatu! Siku hiyo hakuna kipimo duniani kitakachomwambia lolote. Lakini kwenye kabati hilohilo, rafu ya juu yake, kuna P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ambayo siku hiyo bado ingeweza kumsaidia. Haitaki, ama kwa sababu haijui, ama kwa sababu ameambiwa inaua kizazi. Mwenzake anakuja wiki ya tatu. Siku zake zimepitiliza, usingizi hana. Huyu sasa ndiye anayetaka P2, kidonge ambacho kwake kimeshachelewa mno, na kipimo ambacho leo kingemjibu kwa dakika tano hakitaki kabisa, maana anaogopa jibu. Kila mmoja kanunua cha mwenzake. Halafu wote wawili wanarudi na malalamiko yaleyale: "Bibi, vitu vyako feki."

Vitu si feki, wanangu. Vimetumiwa siku isiyo yake. Na nikisikiliza hofu za mabinti, na hofu za akina mama wanaokuja kwa niaba ya mabinti, naona sehemu kubwa ni hesabu ya siku tu iliyokosewa. Kwa hiyo leo nitawahesabia siku. Wazazi mlioshtuka nimetaja P2 mbele ya watoto, vumilieni. Watoto wenu bei yake wanaijua.

Nianze nayo hiyohiyo. P2 ni homoni inayoitwa levonorgestrel, miligramu 1.5. Paketi nyingine zina kidonge kimoja, nyingine zina viwili vya nusu nusu, na hivyo viwili unaweza kuvimeza pamoja kwa mara moja. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Basi. Mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano zikisubiri yai, na P2 inajaribu kuhakikisha zinasubiri bure mpaka zinakufa. Kama yai limeshatoka, P2 imechelewa. Kama mimba imeshajishikiza, P2 haiitoi na wala haimdhuru mtoto. Kwa hiyo anayeimeza wiki ya tatu ili "kutoa" ametupa hela yake, na anayekataa kuinunua siku ya kwanza kwa kuamini ni dawa ya kutoa mimba amekataa kitu ambacho sicho.

Saa zake ni 72, yaani siku tatu tangu tendo. Inaweza kumezwa hadi siku ya tano, lakini nguvu yake inashuka kadiri unavyochelewa. Ya saa kumi na mbili ni bora kuliko ya saa sabini, kwa hiyo usisubiri kwanza uchangiwe ushauri na bweni zima. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, meza nyingine. Ukiwa unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au baadhi ya dawa za kifafa, mwambie muuzaji, kwa sababu dawa hizo huipunguza nguvu. Mtu mwenye mwili mkubwa naye inaweza isimsaidie sawasawa. Na kuna njia ya dharura inayoishinda P2 ambayo karibu hakuna anayeniulizia: kitanzi cha shaba, wengine mnakiita lupu, kikiwekwa na mtaalamu ndani ya siku tano. Hicho kinazuia kwa zaidi ya asilimia 99, na ukitaka kinaendelea kukulinda kwa miaka.

Sasa hapa ndipo hofu mpya inapozaliwa. P2 ikishamezwa huvuruga tarehe. Hedhi inaweza kuja mapema kwa wiki, inaweza kuchelewa kwa wiki, na damu kidogo kidogo inaweza kutoka katikati. Binti anaona matone siku ya sita anashangilia, au haoni kitu siku aliyoizoea anaanza kulia. Yote mawili ni mapema. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, au zikitimia wiki tatu tangu tendo, hapo ndipo pa kupima. Na P2 haikulindi kwa mwezi mzima. Ukirudia tendo keshokutwa yake bila kinga, pengine hali yako ni mbaya zaidi, maana lile yai lililocheleweshwa bado liko njiani.

Tuje kwenye kipimo. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo kuna vurugu kubwa.

Kipimo cha mkojo, kile hospitali wanachokiita UPT, hakitafuti mtoto. Kinatafuta homoni moja, hCG, ambayo mwili huanza kuitengeneza pale mimba inapojishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Kujishikiza huko hutokea kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka. Kabla ya hapo hakuna homoni, na pasipo homoni hakuna mstari, hata ununue vipimo vya dukani vyote. Baada ya hapo homoni huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Ndiyo maana aliyepima Jumatatu akaambiwa hapana anaweza kupima Jumatatu inayofuata akaambiwa ndiyo, na vipimo vyote viwili vimesema kweli.

Kwa hiyo pima siku hedhi ilipotakiwa kufika na haikufika, au baada yake. Kama siku zako hazina mpangilio, na wengi wenu wa umri huu hazina, achana na kalenda. Hesabu siku 21 tangu tendo la mwisho lisilo na kinga, kisha pima. Jibu likiwa hapana na hedhi bado haiji, rudia baada ya wiki. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, maana umekaa usiku kucha na homoni imekolea. Aliyekunywa maji jagi zima ili apate mkojo wa kupimia ameuzimua mwenyewe.

Soma tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Chovya kile kikaratasi usivuke alama, kisha kilaze. Soma baada ya dakika kama tano, kama pakiti inavyoelekeza, na baada ya dakika kumi usikisome tena. Mstari wa C lazima uonekane. Usipoonekana kipimo kimeharibika, tupa, chukua kingine. C peke yake ni hapana. C na T ni ndiyo, na mstari wa T ukiwa hafifu lakini una rangi, bado ni ndiyo. Hakuna "mimba kidogo".

Hizo dakika kumi nazisisitiza kwa sababu nawajua. Mtu amepima, ameona hapana, lakini roho haijatulia. Anakificha kile kikaratasi chini ya godoro, kesho yake anakichomoa kukiangalia tena, anaona kivuli cha mstari wa pili. Mkojo ukikauka unaweza kuacha alama ya kijivu isiyo na maana yoyote. Binti wa watu anashinda njaa siku nzima kwa ajili ya alama ya mkojo mkavu. Ukishasoma, tupa.

Kipimo kinaweza kukosea upande wa pili? Kikasema ndiyo wakati hakuna mimba? Ni nadra. Huweza kutokea kwa aliyejifungua au aliyeharibikiwa na mimba wiki chache zilizopita, homoni ikiwa haijaisha mwilini, au kwa mwenye mimba zabibu (mimba isiyokua sawasawa) na magonjwa machache ya namna hiyo. Amoksilini haikibadilishi. Vidonge vya majira havikibadilishi. Kosa la kawaida ni la upande wa hapana, na karibu kila mara chanzo chake ni haraka.

Kuna jambo moja ambalo kipimo cha mkojo hakiwezi kukwambia, nalo linaua: mimba imekaa wapi. Mimba ikitunga nje ya mji wa mimba, kwenye mrija, kipimo kinaweza kuonyesha mistari miwili kama kawaida, au mstari wa pili ukawa hafifu sana. Ukipata maumivu makali ya tumbo la chini, hasa ya upande mmoja, damu, kizunguzungu, kuzimia, usije dukani kwangu. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku, hata kama baba hajui lolote. Baba atajulishwa baadaye ukiwa hai.

Na altrasaundi? Nayo ina siku zake. Kabla ya kama wiki tano tangu hedhi ya mwisho haioni kitu. Usichome hela ya ada kwenda kupigwa picha ya wiki moja.

Niruhusuni nitoke njiani kidogo. Zamani kupima mimba kulihitaji mnyama. Mwaka 1927 Aschheim na Zondek, wataalamu wa kule Ujerumani, walikuwa wakichoma mkojo wa mwanamke kwenye vipanya, kisha wanawapasua kuangalia mayai yao. Miaka ya 1930 akaingia chura, tena chura wetu wa Kiafrika, yule wa kucha kutoka Afrika Kusini. Anadungwa mkojo, na akitaga mayai ndani ya siku moja hivi, mwanamke ana mimba. Vyura hao walisafirishwa hadi Ulaya na Marekani kwa maelfu kwa kazi hiyo. Kipimo cha kujipimia nyumbani kilibuniwa mwaka 1967 na mwanamke aliyefanya kazi New Jersey, Marekani, Margaret Crane, ambaye hakuwa daktari. Alikuwa mchoraji wa vifungashio katika kampuni ya dawa. Wakubwa wake hawakupenda wazo la mwanamke kupata jibu lake mwenyewe, bila mtu mwingine kulipokea kabla yake. Naona wakubwa wa namna hiyo bado wapo, na si wote wako New Jersey.

Maana badala ya kikaratasi cha bei ndogo, mabinti zetu wanafundishana simuni kupima kwa chumvi, kwa sukari, kwa dawa ya meno. "Ikitoa povu una mimba." Jamani, dawa ya meno ukiichanganya na mkojo itatoa povu kwa mwenye mimba, kwa asiye na mimba, na kwa babu yake. Ile ya kumwagia jiki usijaribu kabisa, ile hewa inayotoka inaumiza mapafu.

Sasa kinga. Sheikh, mchungaji, najua msimamo wenu juu ya kusubiri, na sina ugomvi nao. Anayesubiri hahitaji duka langu. Lakini ninyi ndio mnaofungisha ndoa, na baada ya ndoa hesabu hizi ni zilezile, kwa hiyo hasara ya kuzijua haipo.

Takwimu wanazotumia wataalamu, nyingi zikitoka Marekani, ni hizi. Wanawake 100 wenye uwezo wa kuzaa, wakikutana na wanaume mwaka mzima bila kinga yoyote, 85 watapata mimba. Kwa kumwaga nje, 20. Kwa kondomu kama watu wanavyoitumia kweli, 13. Wakiitumia kila mara bila kosa, 2. Vidonge vya majira, 7 kwa matumizi ya kawaida, na chini ya mmoja kwa asiyesahau hata kimoja. Sindano ya miezi mitatu, 4. Kitanzi, chini ya mmoja. Kijiti cha mkononi, mmoja kati ya 1,000.

Angalieni pengo la kondomu kati ya 13 na 2, na la vidonge kati ya 7 na sifuri na kitu. Pengo hilo halikutoka kiwandani. Limetoka kwa mtu aliyesahau, aliyechelewa, aliyeona aibu. Kondomu imekaa kwenye pochi ya nyuma miezi sita ikikaliwa na joto. Imefunguliwa kwa meno. Imepakwa mafuta ya nazi au ya mgando, na mafuta hula mpira. Tumia vilainishi vya maji. Zimevaliwa mbili kwa pamoja zikasuguana zikapasuka. Imevaliwa katikati ya shughuli. Halafu tunaambiwa kondomu zina matundu! Na kumbukeni ni kondomu peke yake, kati ya zote nilizotaja, inayozuia pia VVU na kaswende na kisonono. P2 haizuii hata kimoja.

Vidonge navyo. Binti anavificha kwenye soli ya kiatu kwa sababu matroni anapekua mabegi. Ijumaa viatu vimefuliwa, kidonge kimepita. Jumatatu kimepita kingine. Mwisho wa mwezi anasema vidonge havifanyi kazi. Siku mtu ambaye hana pa kuweka vidonge akitaka njia, mimi kama mkunga ningemshauri njia isiyomtaka akumbuke chochote, na vituo vya afya vya serikali vinazo bila malipo. Miongozo yetu ya uzazi wa mpango hapa Tanzania haimfukuzi kijana kwa sababu hana mume wala mtoto. Mnesi anayemwambia "rudi na mumeo" anasema ya kwake.

Mmesikia kwamba sindano inaharibu kizazi. Hili nalijibu kwa hesabu pia. Kwa wengi waliokuwa wanachoma sindano ya miezi mitatu, mimba huchukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho kurudi, na wengine zaidi. Mtu akiacha Januari, Aprili hajashika mimba, mtaa mzima unatangaza kizazi kimekufa. Hakijafa, kimechelewa. Kwa vidonge, kijiti na kitanzi, uwezo hurudi mapema tu baada ya kuacha. Halafu kuna wale ambao hedhi imekatika kwa sababu ya sindano au kijiti, wanadhani wana mimba na wanapima kila wiki. Kukatika huko ni kazi ya homoni. Kama umechoma kwa tarehe, pima mara moja kutuliza roho, kisha pumzika.

Na "siku salama"? Hapa nawaonya kwa ukali kidogo. Ile hesabu mnayofundishana ya siku ya 14 ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 usiobadilika. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Ijayo! Wewe ambaye mwezi huu ni siku 24 na mwezi ujao ni 40 utaijuaje? Miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo mzunguko kati ya siku 21 na 45 ni jambo la kawaida. Mtihani wa moko unaweza kuusogeza, kuhamia bweni kunaweza kuusogeza, na hofu ya mimba yenyewe inaweza kuusogeza. Siku salama kwa msichana wa miaka kumi na sita ni bahati nasibu.

Wazazi, kwa nini watoto hawa wanakosea siku? Somo na kungwi tuliwaacha, na nafasi yao hatukumpa mtu. Tukawaachia woga, na tukautungia kanuni. Juni 2017, pale Chalinze, Rais Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule. Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba sasa wanarudi, na waraka upo. Septemba 2022 kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki na ustawi wa mtoto ikasema wazi kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima shuleni na kuwafukuza ni kuvunja haki zao. Walimu, nawaomba mlisikie hilo la kupima kwa lazima. Mtoto aliyepangwa foleni akabonyezwa tumbo mbele ya wenzake hujifunza kwamba kipimo ni polisi. Hatakuja kujipima kwa hiari siku inayofaa. Atajipima mapema mno kwa kihoro, au hatajipima hadi mwezi wa tano.

Na mwezi wa tano si mchezo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 ama wameshazaa ama wana mimba ya kwanza. Ule wa 2022 umekuta 22. Imeshuka, tushukuru, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Mama wa umri huo ana hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya maambukizi baada ya kujifungua kuliko dada yake wa miaka ishirini na kitu. Wengine wanapata uchungu wa siku mbili tatu, mtoto anakwama, wanaishia na fistula, mkojo unawatoka bila kujua. Aliyeanza kliniki mapema tunaweza kumfuatilia. Aliyefungwa khanga tumboni ili isionekane, tunampokea amechelewa.

Sasa maswali. Mkuu wa Shule aliweka boksi, na nilisema yasiandikwe majina. Nasoma machache.

"Tulichezeana tukiwa na nguo zetu, na siku zangu zimechelewa siku nne." Mwanangu, mbegu hazipiti kwenye nguo mbili. Hata kiti alichokalia mvulana hakitoi mimba, wala choo, wala busu. Shahawa zikimwagika mlangoni kabisa pasipo nguo, hapo uwezekano upo, ingawa ni mdogo. Kwa ulivyoeleza, huna mimba. Siku nne kwa umri wako ni kawaida.

"Nimemeza P2 mara tatu mwezi huu, nitakuwa tasa?" Hapana. Hakuna ushahidi kwamba inaua kizazi. Lakini hedhi yako huenda imevurugika, na mtu anayehitaji P2 mara tatu kwa mwezi anahitaji njia ya muda mrefu, ambayo ni ya uhakika kuliko hiyo. Pima wiki tatu baada ya ile mara ya mwisho, si ya kwanza.

"Nitajuaje kama mimba ni yangu?" Huu ni mwandiko wa mvulana, naona. Mimba haina jina mpaka vinasaba vipimwe, na hiyo ni kazi ya Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa utaratibu wa kisheria, haifanyiki dukani kwangu. Ila wewe unajua ulikuwa wapi. Na kwa kaka za bodaboda mnaosimama pale getini, najua mnasikia kupitia hiki kipaza sauti: Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30 jela.

"Nililazimishwa na mtu wa nyumbani, sijamwambia mtu." Hili silisomi kwa sauti zaidi ya hapo. Aliyeandika, na yeyote mwenye hali hiyo: tibiwa kwanza. Hospitali ndani ya saa 72 utapewa dawa za kuzuia VVU na ya kuzuia mimba, na hospitali nyingi kubwa zina kituo cha mkono kwa mkono ambapo polisi na ustawi wa jamii wanakukuta palepale. Zikiwa zimepita saa hizo, nenda vilevile. Simu namba 116 ni ya watoto, ni bure, hata bila salio. Nami nipo darasa la mwisho, kidato cha kwanza B, hadi jioni.

La mwisho limeandikwa na mzazi. "Nimekuta kipimo cha mimba kwenye begi la binti yangu. Nifanye nini?" Usianze na fimbo, na usianze kwa kuwapigia mashangazi. Muulize maswali mawili: ulipima lini, na tendo lilikuwa lini. Kama halijapita siku tano, nendeni kituo cha afya leo, yeye na wewe. Kama ni kati ya hapo na wiki tatu, subirini pamoja na mpange siku ya kupima tena. Mpeleke shule kama kawaida, mpikie kama kawaida. Kama alipima zikiwa zimepita wiki tatu na ni mstari mmoja, hana mimba, na sasa mna muda wa mazungumzo mliyoyakwepa. Kama ni mistari miwili, mpeleke kliniki kabla mimba haijafika wiki 12. Atapimwa damu, presha, VVU, kaswende na malaria, atapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, na kadi yake. Ukitoka kliniki njoo ofisini kwa Mkuu wa Shule, umuulize mtoto anaacha masomo lini na anarudi lini. Waraka wa 2021 anao. Nimeuona mezani kwake asubuhi.